Kalenda ya chuo na kalenda ya korosho hazipatani

Ndugu Mhariri,

Kila ifikapo Oktoba kurasa za gazeti lako hujaa habari za vyuo vikuu kufunguliwa na Bodi ya Mikopo kutangaza awamu za majina. Mjadala unaofuata huwa ule ule: gharama zimepanda, mikopo haitoshi, Serikali iongeze. Hatuupingi. Ila sisi tunaoshughulika na wahitimu wa kidato cha sita na hesabu za wakulima huku Newala na Tandahimba tunaona unarukwa mfupa mmoja, nao ndio unaowakwama kooni vijana wa Mtwara na Lindi kuliko kiwango cha ada chenyewe. Ni tarehe. Chuo kinadai pesa kabla pesa ya korosho haijaingia benki, na mengi mabaya yanayofuata yanaanzia hapo.

Tuanze na kiwango, maana nacho kinasemwa kwa haraka. Uchangiaji wa gharama za elimu ya juu si jambo la jana. Ulianza mwaka 1992, na Bodi ya Mikopo ikaundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005. Shahada nyingi katika vyuo vya umma leo zina ada ya kati ya shilingi milioni moja na milioni moja na nusu kwa mwaka, udaktari ukiwa juu zaidi. Mzazi akiulizwa chuo ni shilingi ngapi, hutaja namba hiyo tu kwa sababu ndiyo aliyoambiwa. Lakini fomu ya kujiunga ina kurasa za nyuma. Kuna shilingi 20,000 ya ithibati ya ubora inayokwenda Tume ya Vyuo Vikuu. Kuna 50,400 ya bima ya afya kwa mwanafunzi asiye na kadi. Kuna usajili, kitambulisho, mchango wa serikali ya wanafunzi, mitihani, na dhamana ya uharibifu ambayo kwa nadharia hurudishwa mwisho wa masomo. Halafu kuna chumba. Hosteli za chuo hazitoshi, na mwenye nyumba wa Dar es Salaam, Dodoma au Morogoro hapokei kodi ya mwezi mmoja. Anataka miezi mitatu, mara nyingi sita.

Tuchukue mfano tulioupanga wenyewe, wa hali ya wastani. Kijana wa Kitangari amepata nafasi ya ualimu wa sayansi, ada 1,300,000. Bodi imempa nusu ya ada. Inabaki 650,000, na chuo kinakubali ilipwe kwa mihula miwili, yaani 325,000 kwanza. Ongeza 20,000 ya Tume na 50,400 ya bima. Ongeza chumba cha 60,000 kwa miezi sita, 360,000. Jumla 755,400, na hapo hajanunua godoro, hajapanda basi la kilomita zaidi ya 500 kwenda Dar es Salaam, wala hajala. Pesa hiyo inatakiwa yote kati ya mwishoni mwa Oktoba na katikati ya Novemba.

Sasa igeuze iwe korosho, maana huku ndivyo watu wanavyopiga hesabu. Bei ikiwa shilingi 4,000 kwa kilo, mzazi anahitaji kilo 189 kabla ya makato. Ikiwa 2,000, anahitaji kilo 378. Namba hizo mbili hatukuziokota hewani: katika minada ya mwanzo ya msimu wa 2023/24 bei ilizunguka shilingi 2,000, na mwaka uliofuata mnada wa kwanza ukapita 4,000. Ekari moja iliyopandwa kwa nafasi ya mita 12 kwa 12 ina mikorosho kama 28. Kila mmoja ukitoa kilo kumi ni kilo 280. Mwaka wa bei nzuri ekari hiyo inamwingiza mtoto chuoni na chenji inabaki. Mwaka wa bei mbaya haimfikishi. Chuo hakijui habari ya bei. Ada ya mwaka wa pili inadaiwa vile vile hata kama korosho zimeshuka nusu, ndiyo maana tunaona vijana walioripoti vizuri mwaka wa kwanza wakaanguka mwaka wa pili, jambo ambalo takwimu za udahili haziwezi kulionyesha.

Bei hata hivyo si ugonjwa mkubwa. Mnada wa kwanza hufanyika Oktoba. Mkulima ambaye korosho zake zilianza kuanguka mapema anaweza kuwahi. Wengi hawawahi. Mzigo unaokotwa, unaanikwa, unapelekwa chama cha msingi, unapimwa, unasafirishwa ghala kuu, unapangwa kwenye mnada, mnunuzi analipa, chama kikuu kinagawa kwa AMCOS (ndivyo vyama vya msingi vya ushirika), ndipo benki ya mkulima inasoma. Kila hatua ikienda sawa ni wiki chache. Hatua moja ikikwama, mathalani magunia yamekosekana, ghala limejaa, au namba ya akaunti imekosewa tarakimu moja, ni mwezi na zaidi. Mzigo ulioingia mnada wa tano unaweza kulipwa Desemba, na Desemba chuo kimeshafunga dirisha la usajili. Hatujasahau pia mwaka 2018, Serikali ilipoamua kununua korosho zote kwa 3,300. Bei haikuwa mbaya, lakini malipo yalichelewa mno kwa wengi, na karo haikungoja.

Mzazi mwenye mtoto anayetakiwa kuripoti wiki ijayo anafanya nini? Anauza kangomba, yaani kwa siri nje ya mnada. Kila mtu anajua ni kosa, kila mtu anajua wanunuzi walipo. Tuseme mnadani bei ni 3,000 na wa kangomba anatoa 1,500, pesa mkononi, leo. Ile 755,400 iliyotakiwa kumla kilo 250 sasa inamla kilo 500. Ada yake imepanda mara mbili, na chuo hakijaongeza hata senti. Hii ndiyo ada iliyopanda tunayotaka isomwe gazetini. Haimo kwenye waraka wa wizara yoyote, haijadiliwi bungeni, na anayeilipa ni yule aliye na uwezo mdogo kuliko wote, kwa sababu mwenye duka Masasi mjini hana haja ya kuuza kangomba.

Wapo wanaofika mbali zaidi wakauza maua: korosho inanunuliwa ingali mtini, Julai, ili mtoto apate pesa ya kuombea vyuo na nauli ya kutoka JKT (Jeshi la Kujenga Taifa). Hawa wakifika Oktoba hawana tena cha kupeleka AMCOS.

Kuna mtego wa pili, nao uko chuoni. Watu wengi wanadhani mwenye mkopo hana wasiwasi. Mkopo una mafungu. Ada huenda moja kwa moja chuoni. Pesa ya chakula na malazi, bumu, ni shilingi 10,000 kwa siku tangu ilipopandishwa kutoka 8,500, na hutolewa kwa awamu. Awamu ya siku 60 ni 600,000. Kuna vitabu na viandikwa, na kuna mafunzo kwa vitendo. Lakini bumu halitoki mpaka mwanafunzi awe amesajiliwa na amesaini kwa alama ya kidole. Na hasajiliwi mpaka alipe sehemu yake ya ada. Kwa hiyo yule mwenye mkopo wa 600,000 unaomsubiri anaweza kukaa getini wiki tatu kwa kukosa 325,000. Akisajiliwa kwa kuchelewa, jina lake linaingia kwenye orodha ya nyongeza, na orodha ya nyongeza hulipwa baada ya ya kwanza. Wakati huo anakula kwa wenzake. Tukisema vijana wa kusini wanaanza chuo na deni la chipsi na la chumba, hatutanii.

Asiposajiliwa kabisa, kitu cha busara ni kuandika barua ya kuahirisha mwaka, apeleke kwa mkuu wa kitivo na nakala kwa ofisa wa mikopo wa chuo, abaki na nakala yenye mhuri. Wengi hawafanyi hivyo. Wanarudi nyumbani kimya kimya kwa aibu. Mwaka unaofuata wanakuta chuo kimewafuta na kwa Bodi wameandikwa kama waliopangiwa wakatoweka. Barua ya ukurasa mmoja ingewaokoa. Na yule anayerudia mwaka kwa kufeli ajue kwamba mwaka wa kurudia Bodi kwa kawaida haiulipii, hivyo kuanza muhula kwa kuchelewa wiki nne, ukafeli masomo matatu kwa sababu hukuwa darasani, ni njia fupi ya kupoteza na mkopo wenyewe.

Tugeukie maombi ya mkopo, kwa sababu hapa lawama haiendi Dodoma wala Dar es Salaam peke yake. Sehemu kubwa iko kwetu.

Fedha za mikopo zimeongezeka. Bajeti ya mwaka 2021/22 ilikuwa shilingi bilioni 570, na ya 2024/25 ikafika bilioni 787. Tangu 2023/24 hata baadhi ya stashahada zinakopeshwa, zikiwamo za afya, kilimo na ualimu wa sayansi. Upo pia ufadhili wa Samia, ulioanza 2022/23, unaolipa gharama zote kwa waliofaulu vizuri sana masomo ya sayansi. Anayekosa au kupata kidogo mara nyingi hakukosa kwa sababu si maskini. Amekosa kwa sababu umaskini wake haukuthibitishwa kwa karatasi. Mfumo hauoni nyumba ya udongo. Unaona cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA (wakala wa Serikali wa usajili wa vizazi na vifo), cheti cha kifo cha mzazi, namba ya kaya ya TASAF (mfuko wa Serikali unaosaidia kaya maskini), fomu ya ulemavu iliyosainiwa na mganga mkuu, barua ya aliyekufadhili sekondari. Kisichopakiwa hakipo.

Huku kwetu kila kimojawapo kina shida yake. Mpango wa kuwasajili watoto wa chini ya miaka mitano ulipofika Lindi na Mtwara, hawa wanaomaliza kidato cha sita leo walishavuka umri huo. Wengi wanatafuta cheti kwa mara ya kwanza wakiwa na miaka kumi na tisa. Kinapatikana ofisi ya Mkuu wa Wilaya, kwa ushahidi: kadi ya kliniki kama ipo, cheti cha ubatizo au barua ya msikiti, cheti cha darasa la saba, barua ya mtendaji wa kijiji. Kinachoharibu ni majina. Shuleni mtoto ameandikwa Athumani Hamisi Saidi, cheti kinatoka Athuman Khamis Said, kitambulisho cha taifa cha baba kinasoma Hamis. Mfumo ukilinganisha, ni watu watatu. Kanuni yetu kwa wanafunzi ni moja: jina la cheti cha kidato cha nne ndilo bwana. Kabla hujaomba cheti cha kuzaliwa, nenda na nakala ya matokeo ya kidato cha nne, umsimamie karani aandike herufi kwa herufi. Ukishakosea, utatafuta wakili au hakimu kwa kiapo, na wakati wa dirisha la mikopo foleni ya viapo mjini huwa ndefu.

Cheti cha kifo ndicho kigumu kuliko vyote. Yatima ana kipaumbele, lakini baba aliyefia kijijini miaka kumi iliyopita hana cheti, alizikwa, basi. Kuandikisha kifo kwa kuchelewa kunawezekana, ila kunahitaji barua ya kijiji, kibali cha mazishi kama kilitunzwa au taarifa ya hospitali, na ndugu wa kwenda na kurudi wilayani. Kunaweza kula miezi. Ukianza Agosti umechelewa. Anza kidato cha tano.

Namba ya TASAF nayo ina jambo lake. Kaya iko kwenye mpango, lakini mtoto alikuwa bwenini Ndanda au kwa mjomba Nachingwea siku ya kuandikisha, hivyo jina lake halimo kati ya wanakaya. Namba ya kaya bila jina la mtoto haimsaidii. Inabidi kumwona mratibu wa wilaya mapema ahuishe orodha.

Na hapo kwa mjomba pana tatizo ambalo fomu haijui kulisema. Kwa Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua ndugu wa mama ana nafasi kubwa katika kulea. Huenda ndiye aliyelipa kila kitu tangu shule ya msingi. Fomu inauliza baba na mama. Baba yupo hai, yuko Songea au Pemba ya Msumbiji, hajatuma shilingi tangu mtoto anyonye. Kwa karatasi, mtoto huyu ana wazazi wawili wenye afya. Tunapendekeza Bodi ikubali hati ya mtendaji wa kijiji, iliyoapiwa kwa hakimu, inayoeleza ni nani hasa mlezi na kipato chake. Kudanganya kutakuwapo. Kupo hata sasa.

Kuna wengine wanaoadhibiwa kwa bidii ya wazazi. Mama aliuza shamba ili binti asome sekondari ya binafsi kwa sababu ya kata ilikuwa haina mwalimu wa fizikia. Bodi ikiona shule ya binafsi inahesabu uwezo. Uwezo ulishakwisha, ndilo lile shamba. Kama kuna mfadhili aliyelipa, iwe parokia, taasisi au mtu, pata barua yake na ujaze fomu ya ufadhili. Kama ni mama aliyeuza shamba, angalau hati ya mauzo yenye mhuri wa kijiji iambatishwe wakati wa rufaa. Rufaa ipo, hufunguliwa baada ya awamu za mwanzo, na huhitaji ushahidi mpya. Kulalamika kwamba wewe ni maskini zaidi ya fulani si ushahidi.

Halafu kuna muda. Mtihani wa kidato cha sita unaisha Mei. Wengi wanaitwa JKT kwa mujibu wa sheria kuanzia Juni. Matokeo yanatoka Julai. Dirisha la mikopo liko wazi katika miezi hiyo hiyo, wakati kijana yuko kambini na vyeti viko kwenye sanduku Mnyambe. Bodi imekuwa ikipeleka maofisa makambini, ni jambo jema, lakini ofisa hawezi kukuletea cheti kutoka nyumbani. Tunawaambia wanafunzi: kabla ya kupanda gari la JKT, vyeti viwe vimehakikiwa, vimepigwa picha inayosomeka, vimetumwa kwenye barua pepe yako mwenyewe ambayo nywila yake unaikumbuka. Namba ya simu unayojaza iwe yako, si ya mwenye duka la intaneti. Mwenye duka akibadilisha laini, umepoteza akaunti ya mkopo kwa miaka mitatu. Ada ya maombi ni 30,000 kwa namba ya malipo ya Serikali. Toa namba hiyo mwenyewe kwenye mfumo, usipewe na mtu kwa mdomo. Tumia namba ya mtihani wa kidato cha nne ile ile kwa vyuo na kwa mkopo. Aliyerudia mtihani na kuwa na namba mbili achague moja na kubaki nayo kote, la sivyo chuo kitapokea jina moja na Bodi jina jingine. Ukishajaza, chapisha fomu, isainiwe na serikali ya kijiji au mtaa, mdhamini, na hakimu au wakili, kisha kurasa zilizosainiwa zirudishwe mfumoni. Ajabu ni kwamba wanaokwama hatua hii ya mwisho si wachache: wamelipa, wamejaza, wamesainisha, hawakurudisha kurasa. Kwa mfumo, huyo hajaomba.

Vyuo vya karibu navyo havizungumzwi vya kutosha. Chuo Kikuu Huria kina vituo Mtwara na Lindi. Kijana anaweza kusoma akiwa nyumbani, akipulizia mikorosho Juni na kufanya mitihani kituoni. Stella Maris ipo Mtwara tangu 2009, Taasisi ya Uhasibu ina kampasi Mtwara, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinajenga kampasi Lindi kwa fedha za HEET, mradi wa Serikali wa kukuza elimu ya juu. Tofauti ya ada kati ya chuo cha umma cha mbali na cha binafsi cha karibu inaweza kumezwa yote na kodi ya nyumba na nauli. Piga hesabu ya jumla, siyo ya ada peke yake. Tunakiri kwamba kwa uhandisi na udaktari hesabu hii haipo. Huko lazima usafiri.

Sasa tunachoomba. Kwa vyuo: ruhusuni awamu tatu kwa mwaka badala ya mbili, ya mwisho wa Oktoba iwe ndogo, asilimia 20 tu ya sehemu ya mwanafunzi, kubwa iwe Januari. Mzazi wa kusini analipa Januari bila kusukumwa, pesa ipo. Mwanafunzi anayeleta stakabadhi ya AMCOS yenye kilo na tarehe asajiliwe kwa masharti na aruhusiwe kusaini bumu. Stakabadhi hiyo inathibitisha kwamba mzigo upo ghalani. Ni dhamana bora kuliko ahadi ya mdomo mnayoipokea kwa wengine kila mwaka. Hosteli, pale zilipo, wapewe kwanza wanaotoka mbali.

Kwa halmashauri za Tandahimba, Newala, Masasi, Nanyumbu, Ruangwa, Nachingwea, Liwale na nyinginezo: mnapokea ushuru wa mazao, asilimia tatu, na sehemu kubwa ni korosho. Tengeni fungu dogo la mkopo wa kuvusha. Wanafunzi 100 kwa 400,000 kila mmoja ni milioni 40. Si msaada. Inatolewa wiki ya pili ya Oktoba, inalipwa moja kwa moja kwenye akaunti ya chuo, inarudi Desemba au Januari kutoka kwenye malipo ya mzazi kupitia chama chake cha msingi, kwa hati aliyosaini mwenyewe. Mwaka unaofuata pesa ni ile ile.

Tunajua vizuri kitakachoharibika, kwa sababu makato ya korosho yana historia. Mkulima akiona kato jipya anauliza linakwenda kwa nani, na mara nyingi hajibiwi. Kwa hiyo: kato liwe la aliyekopa tu, lisigeuke shilingi tano za kila mtu kwa kila kilo. Akaunti iwe peke yake, isichanganywe na ya pembejeo. Orodha ya waliopata, kiasi na waliorejesha ibandikwe kwenye mbao za kata. Chama cha msingi kisibebe deni mpaka mkutano mkuu umepitisha na ukomo wa madeni umeidhinishwa na mrajis wa vyama vya ushirika. Vyama vilivyoruka hatua hiyo kwa pembejeo viliumia. Kikomo kiwe theluthi moja ya wastani wa kilo za mzazi kwa misimu mitatu, ili mwaka wa bei mbovu deni lisimeze nyumba nzima. Na asiye mwanachama wa AMCOS, mvuvi wa Mikindani au Kilwa Kivinje, mama muuza chumvi, apate njia yake kupitia wadhamini wawili wa mtaa, la sivyo fungu litakuwa la wenye mashamba tu.

Tunasikia tayari jibu la baadhi ya waheshimiwa: wakulima hawa pesa wanazo, zinaishia kwenye ngoma na pikipiki. Wapo. Lakini ngoma huchezwa pesa ikishaingia. Tatizo tunaloeleza ni la wiki ambazo haijaingia. Na tusimwonee mtu: anayeuza kilo 500 kwa bei ya kilo 250 ili mwanawe aripoti chuo hahitaji semina ya kuthamini elimu.

Kuhusu marejesho ya mikopo ya Bodi tuseme kidogo tu. Tozo ya asilimia sita ya kulinda thamani iliondolewa mwaka 2021, na imeleta nafuu ya kweli. Makato ya asilimia 15 ya mshahara yamebaki, na kwa aliyejiajiri kiwango cha chini ni 100,000 kwa mwezi. Mhitimu wa ualimu anayeuza vocha stendi ya Masasi akisubiri ajira hawezi hiyo laki, na wadogo zake wanamtazama. Tumesikia vijana wenye alama nzuri wakisema bora bodaboda, angalau deni lake linaisha kwa mwaka na nusu. Kiwango cha waliojiajiri kingefuata kipato, hata elfu ishirini, Bodi ingekusanya zaidi kuliko inavyokusanya kwa kudai laki kwa watu wanaozima simu.

Haya ya halmashauri yana muda wake. Vipaumbele vya bajeti huanza kukusanywa vijijini na kwenye kata kabla ya mwisho wa mwaka, na baraza la madiwani hupitisha mapema mwaka unaofuata. Fungu lisipoingia kamati ya maendeleo ya kata kufikia Novemba, hakuna pesa Oktoba inayofuata, hata diwani akiahidi. Mkutano wa kijiji una haki ya kuliandika kwenye muhtasari. Mtendaji akisema si ajenda, mwombe aandike kwamba amekataa, na asaini.

Ni sisi,
Walimu wa ushauri wa sekondari na mtunza hesabu wa chama cha msingi,
Newala, Mtwara